Wasichana Waliokataa Ugali

Jumatatu, 19 Juni 1972

Jua kali. Mwiba wa mkonge umeniingia kwenye kidole gumba, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mgongo unalia kama mlango wa ghala.

Lakini leo ni siku kubwa! Asubuhi Landrova la chuo kikuu limesimama mbele ya ofisi ya shamba, akashuka dada mmoja mwenye miwani na kikapu cha karatasi. Mimi nilikuwa nimepeleka panga kunolewa, kwa hiyo niliona yote. Anaitwa Ndugu Agnesi. Anasomea saikolojia. Hiyo ni elimu ya kujua mtu anawaza nini bila kumuuliza. Baadaye nimegundua kwamba wanauliza pia, tena sana.

Ametukusanya, akaeleza kazi yake. Anachunguza vijana wanaojinyima chakula wawe wembamba, kwa sababu tu wenzao wanajinyima. Anasema Dar es Salaam mambo hayo yameanza. Msichana anashinda na chai kavu kutwa nzima ili apate kiuno cha kuvalia suruali ya bugaluu yenye miguu mipana. Sasa anataka kujua kama yamefika huku mashambani. Sisi wakata mkonge tulitazamana. Mmoja wetu akauliza kama wasichana hao wana wazazi.

Kisha akasema neno lililonisimamisha nywele. Anatafuta msaidizi. Msaidizi huyo atafanya naye kazi hapa Kilosa mpaka Saba Saba, halafu watahamia Mikumi kwa miezi mitatu. Kwa Landrova. Kazi yenyewe ni kushika kalamu!

Nafasi hii lazima iwe yangu. Tarehe nane Julai mjomba wangu Mwakatobe anatoka Tukuyu kwa basi kwenda Dar es Salaam. Atashuka Mikumi kunisalimu, na ameagiza kwamba anataka kuiona ofisi yangu kwa macho yake. Nyumbani wote wanajua nafanya kazi ya ofisi pale Mikumi. Mimi ndiye niliyewaambia. Ofisi ya shamba nimewahi kufika, lakini ni pale dirishani, kupokea posho.

Mpinzani ninaye mmoja: Kornelio, karani wa mahudhurio. Amemaliza darasa la nane, na ana kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini muhula mmoja nilikuwa wa kwanza, wakati wenzangu wengi wameugua surua.

Ndugu Agnesi alipotupita alinipa shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika korongoni. Kornelio yeye alipewa "habari za kazi" tu. Nimemwangalia mpaka akainamisha macho.

Jumanne, 20 Juni

Nimemaliza fungu langu la mkonge mapema nikaenda uwanjani. Wasichana wa darasa la saba wanafanya mazoezi ya halaiki ya Saba Saba hapo, na mchana wanapikiwa ugali na maharage. Nilitaka kuwaona wanaojinyima, niwe wa kwanza kumpelekea Ndugu Agnesi habari zao.

Msiba! Hakuna anayejinyima! Wanakula kama mashine ya korona inavyomeza majani ya mkonge. Sinia linawekwa katikati, mikono inashuka, sinia linabaki linang'aa. Msichana mmoja anayeitwa Mwanakheri, mnene, mcheshi, alikombeleza mpaka pembeni, akamuuliza mpishi Regina kama ukoko una mwenyewe.

Regina akajibu kuwa ukoko wake mwenyewe ni yeye aliyeamka kuchanja kuni. Wakagawana.

Ndugu Agnesi alikuwa ameketi chini ya banda, uso umemnyong'onyea. Nimemsikia akimwambia dereva wake kwamba ikiwa hali ni hii, Kilosa hana la kufanya, keshokutwa bora waondoke. Pasipo tatizo hapana utafiti, pasipo utafiti hapana msaidizi, na mjomba Mwakatobe atajua nashika panga.

Nimewaza jioni yote. Tatizo likikosekana, mtu mwenye akili analitengeneza.

Alhamisi, 22 Juni

Nimelitengeneza.

Jana nilimwita Mwanakheri pembeni. Shikamoo Mzee Ulimboka, akasema. Nikaitikia, ingawa suala la mzee tutalizungumza siku nyingine. Nikamweleza: mchana utakula matonge machache tu, kisha unanawa mikono, unasema umeshiba. Unajishika kiuno. Unawatazama wenzako kwa huruma.

Akauliza huruma ya nini. Nikasema huruma ya mtu mwembamba kwa watu wanene. Akaniambia yeye si mwembamba. Nikamwambia hilo lisimsumbue, saikolojia haiangalii mwili.

Akafikiri, akasema atashinda na njaa. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikamwahidi vitumbua vya Regina, vya asubuhi na vya jioni. Alikubali kabla sijamaliza kusema jioni.

Leo mchana tukaona matokeo. Wasomaji wa baadaye wa daftari hili, sikilizeni! Mkila sinia moja, mmoja akinawa na kusema alhamdulillahi nimeshiba, wanaobaki wanajisikiaje? Kila tonge linaonekana. Kila mmoja anaogopa kuitwa mlafi. Hii ndiyo desturi, hata kwetu Tukuyu iko. Mwanakheri alinawa. Akajishika kiuno, kwa kweli alikitafuta kidogo mpaka akakipata. Akawatazama wenzake kwa huruma kubwa mno, kama mtu aliyefika msibani. Halafu mmoja akanawa. Wa pili akanawa. Sinia likabaki na ugali nusu!

Ndugu Agnesi alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Akaandika ukurasa mzima. Nikamsogelea polepole, nikamwambia mimi mambo haya nimekuwa nikiyachunguza muda mrefu. Akanitazama kwa makini. Akaniita Ndugu Ulimboka.

Kornelio alikuwa karibu. Alikula ugali ule uliobaki. Hana hata aibu ya kitaaluma.

Ijumaa, 23 Juni

Ushindi juu ya ushindi! Leo masinia yote yamebaki na ugali. Wasichana wote wamenawa mapema, wote wamejishika viuno, uwanja mzima umejaa huruma. Ndugu Agnesi amesema hajawahi kuona msukumo wa wenzao ukienea kwa kasi namna hii, hata vitabuni. Amesema haondoki.

Regina hakufurahi. Amekuja na mwiko mkononi akitaka kujua chumvi imezidi au maharage yana mawe. Nikamtuliza, nikamwambia ni msukumo wa wenzao. Akasema yeye ndiye atakayemsukuma mtu kama chakula chake kitaendelea kutupwa.

Baadaye Ndugu Agnesi amenieleza jambo la kitaalamu. Tumeona wasichana wakila pamoja, sinia moja, macho ya wenzao yakiwatazama. Sasa lazima tuone mtu akila bila macho ya wenzake. Tukilinganisha makundi hayo mawili, tutajua ni macho ndiyo yanayowashibisha au la. Anahitaji kundi litakalokula kila mmoja na sahani yake, wakiwa wamepeana migongo. Lakini hana sahani.

Kornelio alifungua mdomo. Mimi nikamwahi, nikasema sahani niachie mimi.

Jumapili, 25 Juni

Siku nzima natafuta sahani. Kambi hii ina masinia, masufuria, vyungu na vikombe vya bati. Sahani ni chache, kwa kuwa hakuna anayezihitaji. Nimebisha hodi kila nyumba. Mnyapara amenipa moja yenye picha ya ua. Mkewe ameifuata njiani akaichukua. Nimekwenda mpaka Magomeni ya hapa Kilosa kwa mwenye duka, akanipa mbili kwa sharti kwamba nisimwambie mtu zimevunjika pembeni. Sironka, yule anayeleta maziwa kutoka bondeni, amenipa kibuyu kilichokatwa. Amesema kwao ng'ombe asiyekula anapewa dawa, haletewi sahani. Nikamwambia hajasoma. Akasema ni kweli, na ng'ombe wake pia hawajasoma, ndiyo maana wanakula.

Nimekusanya zilizotosha, tukihesabu na vifuniko vya sufuria. Kimoja sitasema nimekitoa wapi, ila mbwa wa jirani amenifuata mpaka mlangoni.

Vitumbua vimeanza kunielemea. Regina hachukui maneno matupu, anataka unga. Nampimia unga wa posho yangu, yeye ananipa vitumbua. Leo ameniuliza ninamlisha nani. Nimemjibu: taifa.

Jumatatu, 26 Juni

Natamani ardhi ipasuke.

Mchana tumewaketisha wasichana wa kundi la pili, kila mmoja na sahani yake, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Ndugu Agnesi na kalamu yake. Mimi nimevaa shati la kanisani. Kimya cha kitaalamu kabisa.

Akapita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani. Akaona. Ndoo ikashuka yenyewe. Akapiga yowe lililosikika, naamini, mpaka ng'ambo ya mto Mkondoa.

Sasa naandika jambo ambalo kila mtu kambini analijua, na mimi pia nalijua, ila sayansi ilinifumba macho. Hapa kwetu, mtu akitengewa sahani yake peke yake, na kutazamishwa ukutani akiwa anakula, maana yake ni moja tu. Anakohoa damu. Ana kifua kikuu, na nyumba imeamua asiambukize wenzake. Nilivyopita nyumba kwa nyumba kukusanya sahani nilikuwa natangaza ugonjwa mlango kwa mlango!

Kinamama walifika wote, wengine na unga mikononi. Kila mmoja alimkamata mwanawe, akamwambia akohoe. Wasichana wakakohoa. Waliovuta moshi wa jikoni walikohoa vizuri zaidi, wakapigiwa mayowe zaidi. Mama yake Mwanakheri alinishika kola akaniuliza ni nani aliyenipa cheo cha kumtangazia mwanawe ugonjwa. Nikasema ni kundi la kulinganisha. Akaniuliza kundi hilo lina nyumba gani hapa kambini.

Habari zikafika mkongeni kabla sijapata mahali pa kujificha. Wakataji wameweka mapanga chini, hawatafanya kazi penye kifua kikuu. Mganga wa zahanati akaja kwa baiskeli, akatupanga mstari mrefu, kila mmoja akohoe mbele yake. Mnyapara alikohoa. Dereva wa Landrova alikohoa. Ndugu Agnesi mwenyewe alikohoa, akatoa miwani ili afanye vizuri. Hakuna mgonjwa hata mmoja.

Balozi wetu wa nyumba kumi ameitisha kikao papo hapo. Akauliza wazo la sahani lilitoka kwa nani. Ndugu Agnesi, Mungu ambariki, akasema lake. Ila Kornelio akanyoosha mkono akakumbusha kwamba sahani zilikusanywa na Ulimboka. Hukumu: nile ugali katika kila sinia la kambi, mbele ya watu, mkono mmoja na wenyewe, hadi kila mtu aridhike kwamba hatutengani.

Niliila hukumu ile yote. Nimeshiba mpaka naandika nimelala.

Jambo moja zuri: kazi haikufanyika. Wakataji wenzangu wamenishukuru kwa siri, wameuliza utafiti mwingine ni lini.

Jumatano, 28 Juni

Tumerudi kwenye sinia. Ndugu Agnesi hajakata tamaa, amesema makosa nayo ni elimu. Naona bado ananipenda kikazi. Kornelio amempelekea kiti asubuhi. Kiti! Mtu mzima anajishusha hivyo.

Lakini limezuka tatizo jipya. Leo kabla ya chakula Mwanakheri amekuja na wenzake nyuma yake, wote darasa zima, wamesimama kama halaiki. Shikamoo Mzee Ulimboka, wote kwa pamoja. Marahaba. Mwanakheri akaeleza kwa adabu kwamba wenzake wamejua habari ya vitumbua. Wamejua tangu Alhamisi. Ijumaa walinawa kwa imani, wakitegemea nitawakumbuka. Sijawakumbuka. Sasa wanaomba haki yao.

Nikasema vitumbua ni vya mmoja. Mwanakheri akanijibu kwamba siku hizi ni za Ujamaa.

Nikasema basi sitoi. Wakatazamana. Halafu binti mmoja mdogo mdogo, mwenye sauti nyembamba ya kwaya, akanitishia kwa upole kabisa:

"Basi leo tutakula."

Tutakula! Nikaona Landrova linaondoka bila mimi. Nikaona mjomba Mwakatobe anashuka kwenye basi. Nimekimbia kwa Regina, nimempimia unga wote, na maharage ya juma zima juu yake.

Mchana wamenawa mapema, viuno vimeshikwa, nidhamu nzuri sana. Ndugu Agnesi ameandika mpaka wino ukaisha. Kornelio akampa kalamu yake. Ile isiyo na wino! Nimecheka mpaka tumbo likaniuma, au ni njaa.

Ijumaa, 30 Juni

Sina unga. Nimebadilisha taa kwa vitumbua, kisha blanketi. Regina amesema blanketi lina tundu akapunguza kitumbua. Nimekunywa maji ya moto yenye chumvi nikajiambia ni supu.

Mkongeni nimeanguka mara moja. Mnyapara akauliza kama nimelewa. Nikasema ndiyo, ni heshima zaidi.

Suruali haikai. Nimeifunga kwa kamba ya katani. Kazi ya shamba hili inasafirishwa Ulaya, na kidogo imebaki kunisitiri.

Ajabu moja: wasichana wanazidi kuchangamka. Kwenye mazoezi wanaruka hadi vumbi linafunika uwanja. Sketi za halaiki zinawabana. Nilidhani ni macho yangu, kwa maana siku hizi naona vitu viwili viwili.

Kornelio amenipita na baiskeli yake akaniuliza kama na mimi najinyima niwe na kiuno. Wakataji wameanza kuniita Bi Bugaluu. Nimewapuuza. Wakubwa wote walichekwa mwanzoni.

Jumatatu, 3 Julai

Leo ndiyo siku ya kupima. Ndugu Agnesi aliwapima wasichana alipofika, leo anawapima tena kwa mizani na futi ya fundi cherehani. Nimejipangusa, nimesimama karibu na mizani kama msaidizi. Nilikuwa nasoma namba kwa sauti. Mwanzoni.

Msichana wa kwanza, ameongezeka. Wa pili, ameongezeka. Wa tatu, futi ilikuwa fupi. Ndugu Agnesi akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akaishuku mizani. Akatafuta mtu wa kuijaribu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nikapanda.

Akaniuliza nilikuwa na uzito gani zahanati ilipotupima mwezi uliopita. Kornelio, ambaye hakuulizwa, akakimbia kuleta kadi yangu. Ndugu Agnesi akatazama kadi, akatazama mizani, akanitazama. Akasema katika kambi nzima aliyepungua ni mimi peke yangu.

Akamgeukia Mwanakheri, akamwuliza kwa upole kama wamekuwa wakila kitu kingine. Mwanakheri hana hila, hilo ndilo kosa lake. Alieleza yote. Vitumbua vya asubuhi. Vitumbua vya jioni. Na ule ugali uliobaki? Huo Regina aliwawekea, wanaula jikoni wakishamaliza kunawa, kwa sababu Regina alisema atapasuka kabla hajamwaga chakula. Kwa hiyo ugali waliula, maharage waliyala, na vitumbua vyangu juu yake!

Nilingoja radi. Ndugu Agnesi akaketi juu ya mizani yake na kucheka. Alicheka mpaka kinamama wakaja kumtazama, wakidhani sasa ugonjwa umemfika yeye. Alipopata pumzi akasema mimi nimethibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba watu wanapenda vitumbua, na hilo chuo kilishalijua.

Nikaona nitumie nafasi hiyo akiwa bado anacheka. Nikauliza habari ya msaidizi. Nikamwambia ubunifu nilionao ameuona mwenyewe.

Akajibu kwamba msaidizi alishampata tangu wiki ya kwanza. Ni Kornelio. Nikauliza kwa vigezo gani, kwani hajawahi kumwona akibuni hata kitu kimoja. Akasema hakuhitaji mtu wa kubuni. Alihitaji mtu mwenye baiskeli.

Baiskeli! Watu tunakonda hapa, kumbe ni baiskeli!

Kornelio alinipa mkono wa pole. Nikaupokea, kwa kuwa Regina alikuwa akitazama, na Regina leo amenipa sahani ya wali bila kuomba kitu. Nimekula peke yangu, nimegeukia ukuta. Watu watatu wamenipa pole ya kifua.

Alhamisi, 6 Julai

Nimekuwa nikiwaza namna ya kumkwepa mjomba. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kufa kidogo. Leo Ndugu Agnesi amenifuata mkongeni kwenyewe, viatu vyake vyote vimejaa miiba, akaniomba twende naye Mikumi siku ya Jumamosi. Si kama msaidizi, alisisitiza mara mbili. Anataka kuwaonyesha vijana wa kule jinsi ya kupima, na anahitaji mtu asiyeona haya kupanda mizani mbele za watu. Pia katika maandishi yake sasa kuna sehemu inayohusu mtafiti anayejiharibia utafiti, na anataka vipimo vyangu viwe kamili. Nitalipwa kwa chakula. Nitakwenda kwa Landrova.

Nimekubali kabla hajamaliza. Mwenye macho ataona hii ni nini. Nimepandishwa!

Jumamosi, 8 Julai. Mikumi

Nimekaa kiti cha nyuma, na mizani mapajani. Njia nzima sikufumba macho. Kornelio alikaa mbele, baiskeli yake imefungwa juu ya paa la gari, akawa anachungulia nje kila mara kuitazama. Nilimwambia baiskeli imedondoka. Tulisimama. Haikuwa imedondoka. Tukaendelea.

Hapa Mikumi wametupa baraza la jengo lililo mkabala na stendi ya mabasi. Vijana wamekuja wengi. Ndugu Agnesi akanipandisha kwenye mizani, akanivua shati, akaniambia ninyooshe mikono. Yeye akazungusha futi kifuani, akaja kiunoni, akataja namba, na Kornelio mezani akaandika.

Hapo ndipo basi la Tukuyu likaingia.

Mjomba Mwakatobe alishuka na mkungu wa ndizi begani na jogoo kwapani. Akaniona. Mimi nikamwona. Sikuwa na pa kwenda, nilikuwa nimefungwa futi. Nikafumba macho nikangoja aibu.

Nikasikia jogoo ameanguka. Nikasikia mjomba anauliza watu pembeni: huyo mwenye miwani ni nani? Wakamwambia ni msomi wa chuo kikuu. Na yule anayeandika? Wakamwambia ni karani. Mjomba akaweka ndizi chini, akawageukia abiria wenzake waliokuwa wakichungulia madirishani, akawatangazia:

"Mpwa wangu anapimwa suti ya ofisi!"

Basi zima likapiga makofi.

Nikafumbua macho. Nikanyoosha mikono zaidi. Kornelio alifungua mdomo kusema, nami nikamwambia kwa utulivu, andika, Kornelio. Akaandika! Ni mazoea tu, lakini mjomba aliona.

Ndugu Agnesi akaja, akampa mjomba shikamoo ya kupiga goti. Akamwambia, kwa wema wake wote, kwamba ameandika habari zangu kurasa nyingi. Mjomba alilia waziwazi. Aliniuliza kwa nini nimekonda hivi. Nikamwambia ni kazi ya kichwa.

Dereva wa basi akapiga honi. Mjomba amenikumbatia, amepanda, kisha ametoa kichwa dirishani kunipa habari moja ya mwisho. Mwishoni mwa mwezi atasafiri tena kutoka Tukuyu, atapita hapa na kijana wa dada yangu, Anyosisye, aliyemaliza shule na anashinda bure nyumbani. Nimpokee. Nimwajiri ofisini kwangu.

Nikapunga mkono, nikamwambia amlete.

Nimefikiri tangu hapo, huku nakula ndizi. Mambo si magumu hata kidogo. Kando ya stendi kuna kibanda cha zamani cha kuuzia nyama, hakina mtu, mlango wake bado mzima. Nikipata meza moja na mtu mmoja wa kuniita bwana mkubwa siku hiyo mchana, basi. Mwenye kibanda ni mama mmoja mkali, anakaa nyuma ya msikiti, hapendi kuombwa ombwa. Kesho alfajiri naanza kuchunguza anapenda kula nini.